Swali la kwanza huwa "Anakukumbuka?"

Kila anayesikia kwamba kaka yangu aliumia ubongo huniuliza swali lilelile: "Anakukumbuka?" Huuliza kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama upande. Nami hujibu ndiyo, ananikumbuka. Anakumbuka namba ya simu tuliyokuwa nayo utotoni. Anakumbuka nani alivunja kioo cha dirisha la sebuleni na nani alichapwa kwa kosa hilo (mimi). Muulizaji hushusha pumzi: "Basi afadhali." Hapo ninaishiwa maneno, maana sijui nianzie wapi kumweleza kwamba shida haipo kwenye kumbukumbu, na kwamba ni hiyo kumbukumbu nzima inayofanya watu wamwone mvivu.

Safari hii nimepata pa kuanzia. Nitaanzia mlangoni.

Mlango wa chumba cha watoto wake ulikuwa umelegea bawaba ya juu, ukiufungua unakwaruza sakafu. Ulikuwa mwezi wa 5 tangu atoke hospitali. Wifi alitaka aitwe fundi, kaka akakataa, na alikuwa na haki: mtu aliyekuwa fomeni wa majengo ya ghorofa 6 aitiwe fundi wa bawaba? Jumamosi hiyo nilikuwepo tangu saa 3 asubuhi. Alileta sanduku lake la zana, akausukumia mlango kabari chini usije ukamwangukia, akafungua skrubu za juu, kisha za chini, akaubeba na kuuegemeza ukutani. Mikono ilikuwa ileile ya zamani, na haraka ileile. Nilifurahi, nikaenda zangu sebuleni.

Saa 5 nikapita tena. Alikuwa ameketi sakafuni, skrubu zote za sanduku zimemwagwa juu ya gazeti, anazipanga kwa urefu. Fupi safu yake, za wastani safu yake, ndefu safu yake, na vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Saa 7 alikuwa amehamia kwenye misumari. Saa 10 alikuwa anaifuta misumari kutu kwa kitambaa, mmoja mmoja. Mlango uko palepale ukutani.

Nikakaa chini karibu naye. "Kaka, kuurudisha huo mlango kunahitaji nini?"

Hakuinua hata macho. "Tundu za zamani zimepanuka. Unachonga kijiti, unakipaka gundi, unakigongea ndani, unakiacha kikauke, unakikata kiwe sawa na mbao, halafu unatoboa upya, tundu dogo. Unaanza na bawaba ya juu. Uwe na mtu wa kukushikia."

"Vijiti vipo?"

"Hivyo hapo."

"Gundi?"

"Hiyo hapo."

"Sasa?"

"Sasa nini?" Akachukua msumari mwingine.

Watoto walilala bila mlango siku 11.

Mimi ni mhasibu. Hesabu zikikataa kufunga silali, na za kaka zilikataa kufunga kabisa, kwa sababu wiki 3 kabla ya mlango huo nilikuwa nimeshika mkononi karatasi ya vipimo vyake. Mwanasaikolojia wa hospitali alikuwa amemketisha saa 2 nzima: maneno ya kukariri, tarakimu za kurudia kinyumenyume, mafumbo ya maumbo, hesabu za kichwa, maana ya methali. Alifaulu karibu kila kitu. Kwenye hesabu za kichwa alinipita mimi, na nalipwa kwa kazi hiyo. Karatasi ile ndiyo tuliyoizungusha kwa ndugu kama cheti cha kupona.

Nilirudi kwake na hadithi ya mlango nikitarajia aniambie amekosea kupima. Badala yake akaniuliza: "Mle chumbani, nani alikuwa anamwambia sasa anza?"

"Wewe."

"Na sasa inatosha, tuingie ukurasa wa pili?"

"Wewe."

"Basi kwa saa 2 zile mimi nilikuwa fomeni wake," akasema. "Nilimwazima sehemu ya mbele ya ubongo wangu, halafu nikampa alama."

Hilo neno limenikaa kichwani mpaka leo. Kwa ambao hawajawahi kukanyaga saiti: fomeni hachanganyi zege wala hakunji nondo, ingawa anajua kufanya vyote viwili. Kazi yake ni kujua leo asubuhi kitakachohitajika keshokutwa mchana, na kwamba gari la mchanga likitangulia litaliziba njia gari la zege. Anamsimamisha fundi anayefanya kazi nzuri sana mahali pasipotakiwa. Siku fomeni asipokuja, mafundi wote wapo, zana zipo, saruji ipo, na jioni unakuta ukuta mzuri umejengwa mbele ya mlango.

Kaka aliangukia kisogo. Alikanyaga ubao wa jukwaa ambao haukufungwa, akaenda chali. Kwa hiyo daktari alipotuonyesha picha ya CT na kusema michubuko na damu viko mbele, juu ya macho, pande zote mbili, nilidhani ameshika picha ya mtu mwingine. Akakunja ngumi yake ya kulia, akaifunika kwa kiganja cha kushoto. Ngumi ni ubongo, akasema, kiganja ni fuvu, katikati kuna maji kidogo. Fuvu likisimama ghafla, ubongo haujapata habari, bado unasafiri. Unagonga huku, unarudi unagonga kule. Nyuma fuvu kwa ndani ni laini. Mbele, ile sakafu ya mifupa iliyo juu ya macho ina matuta na makali, na ubongo ukiburuzika juu yake ndipo unapochubuka. Ncha za lobu (yaani sehemu kuu za ubongo) za pembeni, karibu na masikio, nazo hupata shida hiyohiyo. Ndiyo maana watu wengi walioanguka, au waliopata ajali ya gari, huumia mbele hata kama nundu iko nyuma.

Lobu za mbele si kipande kidogo. Kwa binadamu zinachukua karibu theluthi moja ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na eneo lao la mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, huchelewa kukomaa kuliko karibu ubongo wote uliobaki. Linaendelea kujijenga mpaka mtu anapita miaka 20 na kitu. (Wenye vijana ndani ya nyumba, vuteni subira.) Tena halifanyi kazi peke yake. Limeunganishwa kwa nyaya nyingi na maeneo ya kati na ya nyuma, na nyaya hizo zikikatika mtu anaweza kuonekana kaumia mbele wakati mbele pazima. Daktari hakuupenda mfano wangu wa fomeni kwa sababu hiyo. Hakuna mzee aliyekaa kwenye kiti ndani ya kichwa akitoa amri, alisema. Ni mazungumzo kati ya maeneo mengi. Nimemwelewa. Lakini mfano siuachi, maana ndio pekee ambao wifi aliuelewa siku ya kwanza.

Nilianza kusoma usiku. Nilichotaka kujua kwanza ni kwa nini watu wote huuliza kuhusu kumbukumbu, na nadhani ni kwa sababu majeraha mengine ya ubongo huacha pengo unaloweza kulinyooshea kidole.

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Kwa miaka 21 hospitalini mtu huyo alikuwa na silabi moja tu, "tan", na watu wakamwita hivyohivyo, Tan. Alielewa akiambiwa, alionyesha namba kwa vidole, na alipokasirika sana tusi kamili lilimtoka. Alikufa baada ya siku chache, Broca akaufungua ubongo, akakuta uharibifu mbele upande wa kushoto, chini kidogo. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa kinyume chake: maneno yanamwagika, sentensi zinateleza, maana hakuna, na wanachoambiwa hawakielewi; kwao jeraha lilikuwa nyuma zaidi, upande huohuo wa kushoto, karibu na sikio. Mtu wa namna hii akifungua mdomo, ndani ya sekunde 5 unajua ameumia. Hakuna atakayemwita mvivu.

Au Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953 akiwa na miaka 27. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani za lobu za pembeni pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua. Kumbukumbu mpya nazo zikakoma. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi sana na kila alipoingia ilibidi ajitambulishe upya. Kuna jaribio moja nalipenda: alimpa kazi ya kufuata mistari ya nyota kwa kalamu huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo linalomchanganya yeyote. Siku ya tatu Molaison alikuwa mzuri kweli, mkono wake umejifunza, naye anashangaa kwamba kazi aliyoiona ngumu imekuwa rahisi, kwa sababu hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mpaka anakufa mwaka 2008 aliendelea kuwa mpole na mcheshi, yuleyule. Huyu ndiye mtu ambaye waulizaji wangu wanamfikiria. Kaka ni karibu kinyume chake.

Na nitapitia jeraha moja kwa haraka kwa sababu tu ni la ajabu. Mtu akiumia upande wa kulia, juu kuelekea nyuma, anaweza kuupoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho yanaona, lakini kushoto hakumhusu: ananyoa nusu ya uso, anakula nusu ya sahani. Mwaka 1978 Waitaliano wawili, Bisiach na Luzzatti, waliwaambia wagonjwa wa Milan wafikirie wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa mji wakiutazama uso wa kanisa kuu, wataje majengo. Wakataja ya kulia tu. Kisha wakaambiwa wafikirie wamesimama mlangoni mwa kanisa wakiutazama uwanja. Wakataja yale waliyokuwa wameyaacha, na wakayaacha yale waliyoyataja dakika chache nyuma. Majengo yote yalikuwemo kichwani. Nilipomsomea kaka habari hiyo alicheka, akasema, "Hao wameumia kweli." Kisha akaniuliza kama nimeona penseli yake. Ilikuwa nyuma ya sikio.

Kwake hakuna pengo la kunyooshewa kidole. Anaongea, anakumbuka, anahesabu, anatembea, anacheka. Vipande vyote vipo mezani. Kinachokosekana ni mtu wa kuviokota kwa zamu, na kukosekana kwake kunafanana sana na tabia mbaya.

Mtu aliyenisaidia kuliamini hili si kaka wala mgonjwa wa siku hizi. Ni dada wa daktari. Wilder Penfield, yule mpasuaji wa ubongo wa Montreal, mwaka 1928 alimfanyia upasuaji dada yake mwenyewe, kumwondolea uvimbe. Ilibidi akate karibu lobu yote ya mbele ya kulia. Dada alipona, akarudi nyumbani, akaendelea kuwa mtu mwenye heshima na mwenye mazungumzo mazuri. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye alipanga kumwandalia kaka yake chakula cha jioni, chepesi tu, mgeni mmoja na watu 4 wa nyumbani. Alikuwa na siku nzima. Penfield alipofika alimkuta jikoni. Vyakula vyote vipo, kitu kimoja au viwili viko jikoni motoni, saladi haijakamilika, nyama haijaanzwa, na dada amechanganyikiwa, amechoka kwa kuhangaika peke yake tangu asubuhi. Hakuwa amesahau kupika. Penfield aliliandika jambo hilo mwaka 1935, na mimi nililisoma saa 8 usiku nikaenda kumwamsha mume wangu nimwambie: "Ni mlango! Ni mlango uleule!" Hakufurahi.

Mwanasaikolojia alikuwa na kipimo kingine cha karata, ambacho safari ya kwanza hakukifanya. Mbele yako kuna karata 4 za mfano, zenye maumbo, rangi na idadi tofauti. Unapewa karata moja moja uziweke chini ya mfano unaoendana nazo, lakini huambiwi kwa kanuni gani. Unaambiwa tu "sawa" au "si sawa". Unagundua kwamba kanuni ni rangi, unaendelea vizuri, na ukishapata 10 mfululizo kanuni inabadilishwa kimyakimya iwe umbo. Mtu mwenye ubongo mzima hukosa mara mbili tatu, akanung'unika, akabadilika. Mwaka 1963 Milner alionyesha kwamba waliokatwa sehemu ya mbele hung'ang'ania kanuni ya zamani huku wakiambiwa si sawa, si sawa, si sawa.

Niliruhusiwa kukaa nyuma nikitazama. Kaka alipata rangi upesi. Kanuni ikageuka. Akaweka kwa rangi. "Si sawa." Akaweka kwa rangi. "Si sawa." Mara ya nne akasema mwenyewe, kwa sauti, "Hapa atakuwa ametaka umbo huyu," na mkono wake ukaiweka karata kwa rangi. Nilimwona akiutazama mkono. Haikuchukua hata sekunde moja, lakini niliiona sura hiyo, sura ya mtu aliyempa kibarua maelekezo akamwona anakwenda upande mwingine. Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi. Alifika karata ya 20 na kitu bado kwa rangi.

Alexander Luria, Mrusi aliyefanya kazi na askari waliojeruhiwa kichwani Vita vya Pili vya Dunia, aliwaona hawa miaka mingi kabla. Mgonjwa anaambiwa aminye mkono akiona taa. Anairudia amri vizuri, "nikiona taa niminye". Taa inawaka, anasema "niminye", na mkono umetulia. Kujua kuko huku, kutenda kuko kule, na daraja limevunjika.

Sasa nije kwa Phineas Gage, maana ukitafuta chochote kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo utamkuta yeye, na nina ugomvi na namna anavyosimuliwa. Naye alikuwa fomeni, jambo lililomfurahisha sana kaka. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, akiwa na miaka 25, alikuwa anashindilia baruti kwenye tundu la mwamba kupasulia njia ya reli. Ikalipuka. Chuma alichokuwa ameshika, kirefu zaidi ya mita moja, kizito kama kilo 6, kiliingia chini ya shavu la kushoto kikatokea utosini na kwenda kuanguka mbali. Gage aliongea baada ya dakika chache, akapanda mkokoteni kwa msaada wa wenzake, akamsubiri daktari ameketi kwenye kiti. John Harlow ndiye aliyemuuguza, na mwaka 1868 akaandika kile kinachonukuliwa kila mahali: kwamba mtu aliyekuwa hodari na mwenye mipango alikuwa sasa na matusi, kigeugeu, anaanzisha mipango na kuiacha kabla haijakamilika, hata rafiki zake wakasema si Gage tena.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Mtu kageuka mnyama, mwisho. Kilichofuata hukiruka: Gage alifanya kazi kwenye zizi la farasi wa kukodi, na mwaka 1852 akaenda Chile, ambako kwa miaka kadhaa aliendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Fikiria kazi hiyo. Kuamka mapema, kutayarisha farasi, kuwahudumia abiria, kushika hatamu nyingi kwa pamoja kwenye barabara mbaya, kwenye nchi ya lugha ngeni. Mnyama haajiriwi kazi hiyo miaka na miaka. Alikufa mwaka 1860, miaka 36, baada ya degedege. Wapo watafiti wanaoona kwamba ratiba ya kazi yenyewe, kila siku hatua zilezile kwa mpangilio uleule, ndiyo iliyomshikilia. Gari la abiria lilikuwa fomeni wake. Hilo nalisadiki, na nitasema kwa nini.

Lakini kwanza yale matusi, kwa sababu sitaki mtu adhani kaka alikuwa anapanga skrubu tu. Sehemu ya chini ya lobu za mbele, ile inayokalia matuta ya juu ya macho, inahusika na breki na uzito wa mambo: hili lisemwe, hili limezwe, hili lina maana, hili halina. Mwezi wa pili tangu atoke hospitali alimwambia jirani, mzee mstaarabu aliyekuja kumjulia hali, kwamba meno yake ya bandia yanagonga kama farasi. Alisema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayekuonyesha kifungo kilichofunguka. Wifi alitamani ardhi ipasuke. Baada ya hapo wageni wakapungua, na nawaelewa.

Uamuzi nao. Daktari wa ubongo Antonio Damasio amemsimulia mgonjwa aliyeumia eneo hilo, akapewa tarehe mbili achague moja ya kurudi kliniki, akatumia karibu nusu saa kupima tarehe moja na nyingine: shughuli nyingine, hali ya hewa, kila kitu. Alipoambiwa tu njoo ile ya pili, akasema sawa, akaondoka. Hoja ya Damasio ni kwamba akili yake ilikuwa nzima ila haikupata ule msukumo mdogo wa mwilini unaotuambia hili jema, hili achana nalo, na bila msukumo huo mizani haitulii. Kaka kwenye mashati ni hivyohivyo. Wifi sasa anamwekea shati moja kitandani. Watu humwona mke mwenye amri.

Nitaje pia, kwa hasira, kwamba ulimwengu uliwahi kuziharibu nyaya hizi kwa makusudi. Egas Moniz wa Ureno alianza mwaka 1935 kukata nyuzi zinazounganisha lobu za mbele, kama tiba ya magonjwa ya akili, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Huko Marekani Walter Freeman aliieneza, mwishowe kwa chuma kilichopitishwa juu ya jicho. Maelfu walikatwa. Wengi walitulia, na watu wakauhesabu utulivu huo kuwa kupona. Mimi nimeishi na utulivu wa aina hiyo. Kaka akikaa kwenye kiti kwa saa 4 nzima bila kusema neno hana amani, hajaanza tu.

Kigumu kuliko vyote ni kwamba yeye mwenyewe hakuona tatizo. Siku ya mlango nilipomwambia umepita mchana mzima, alinijibu, "Kazi nzuri haitaki haraka, mdogo wangu." Sehemu inayotakiwa kukagua kazi ndiyo iliyochubuka, sasa nani akague? Tulimgombeza miezi 5. Tulimwambia jikaze. Ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie ili mguu upone, na nasema hivi nikiwa mmoja wa waliosema sana.

Mwanasaikolojia ndiye aliyeleta wazo la simu. Kama fomeni wa ndani haji, tuweke wa nje. Kadi ndogo ya hatua, isiyozidi 5, ikae machoni, na kila hatua ikikamilika aikate kwa penseli. Na simu ilie mara kwa mara, kwa nyakati zisizolingana ili asiizoee, imuulize anafanya nini. Tukajaribu mlio wa kawaida. Aliuzima bila kuutazama. Tukaweka sauti ya wifi, wakagombana. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyesema, "Shangazi, si Baba ajirekodi mwenyewe?"

Alijirekodi uani. Nilimwambia aseme kama anavyosema saiti. Akavuta pumzi, na ikatoka sauti ambayo sikuisikia tangu ajali, sauti ya mtu anayemkemea kibarua aliyeko ghorofa ya tatu: "We! Unafanya nini hapo? Nilikutuma nini?" Mbwa wa jirani akabweka.

Siku ya 11 alirudi kwenye mlango. Kadi ilibandikwa ukutani: chonga, gundi, kauka, toboa, funga. Mimi nilikuwa mtu wa kushika. Alichonga vijiti viwili, akaanza cha tatu, cha nne, na nilijing'ata ulimi nisiseme. Simu ikafoka. Akashtuka, akatazama kadi, akatazama vijiti. "Nilikutuma gundi," akajiambia. Akapaka gundi. Wakati wa kukauka ndio ulioniogopesha, saa nzima isiyo na kazi, na kweli mkono ulikwenda kwenye kopo la skrubu. Ikafoka. Akauondoa.

Saa 9 alasiri mlango ulikuwa umesimama. Aliufunga, ukafunga bila kukwaruza. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua, akaufunga, mara ya sita, ya saba, ya nane, watoto wameanza kucheka, wifi amenitazama. Mfukoni mwake ikasikika ile sauti.

"Naweka zana, bosi," akaijibu, akainama kuchukua sanduku.